Juice WRLD: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Desemba ikiingia tu, maswali kuhusu Juice WRLD, rapa kijana wa Marekani, hurudi kama mvua za msimu. Ndio mwezi aliozaliwa, na ndio mwezi aliofariki. Nimejibu kwa kirefu pale palipo na la kusema, na kwa mkato pale ambapo jibu ni fupi. Msimamo wangu nautoa mapema ili usije ukaushangaa baadaye: watu wamekitazama sana kifo chake wakakisahau kinywa chake, yaani uwezo wake wa kutunga papo hapo, na kinywa kile ndicho kinachojibu karibu kila swali lililoko hapa chini.

Juice WRLD ni nani hasa?

Jina alilopewa na wazazi wake ni Jarad Anthony Higgins. Alizaliwa Chicago, jimbo la Illinois nchini Marekani, tarehe 2 Desemba 1998. Alifariki tarehe 8 Desemba 2019, siku sita tu baada ya kutimiza miaka 21. Tangu video iliyomtambulisha kwa watu wengi itoke hadi siku aliyofariki, haikupita hata miaka miwili. Nyimbo, tuzo, ziara na fedha, vyote vilibanana humo.

Jina lake linatoka wapi?

Alianza kwa kujiita JuiceTheKidd. "Juice" alilitoa kwenye filamu ya mwaka 1992 yenye jina hilohilo, ambamo Tupac Shakur aliigiza. Baadaye akaiacha sehemu ya pili na kuweka WRLD, yaani dunia kwa Kiingereza, herufi moja ikiwa imenyofolewa. Alieleza kwamba alimaanisha kuiteka dunia. Kwa kijana aliyekuwa akirekodi kwa simu ya mkononi, hakukosa kujiamini.

Ni kweli mama yake alimkataza kusikiliza hip hop?

Ni kweli, na kwangu hili ndilo jambo tamu kuliko yote katika maisha yake.

Jarad alilelewa na mama yake, Carmela Wallace, kwenye vitongoji vya kusini mwa Chicago, kwanza Calumet Park kisha Homewood. Baba aliondoka mtoto akiwa na miaka mitatu. Mama alikuwa mtu wa dini, mwenye msimamo mkali juu ya kinachosikilizwa nyumbani kwake, na hip hop ilikuwa miongoni mwa vitu visivyoruhusiwa. Alimwanzisha piano angali mdogo wa miaka minne. Baadaye kijana akajifunza gitaa na dramu, na shuleni akapuliza tarumbeta kwenye bendi.

Sasa angalia kilichotokea. Mlango wa hip hop umefungwa, lakini michezo ya video imeachwa wazi. Kwenye Tony Hawk's Pro Skater na Guitar Hero kulikuwa na roki nyingi: Blink-182, Black Sabbath, Fall Out Boy, Billy Idol, Megadeth. Mtoto akaketi akicheza mchezo huku masikio yakisoma somo lingine. Hip hop ilipomfikia hatimaye, ilikuta kichwa kilichokwisha kuzoea namna ya roki ya vijana, ile ya mwimbaji kulalamika kwa sauti ya juu juu ya gitaa linalolia. Marufuku ya mama ndiyo iliyomtofautisha na wachanaji wengine wote wa Chicago wa rika lake, ambao walikua wakisikiliza drili, rap ya vitisho ya mji huo, usiku na mchana.

Rapa wa melodia maana yake nini? Huyu ni mwimbaji au mchanaji?

Mchanaji wa kawaida anaitumia silabi kama kijiti cha ngoma: kila neno linagonga mahali pake, na utamu uko kwenye mgongano wa vina. Rapa wa melodia anaongeza kazi ya pili juu ya hiyo. Kila silabi inagonga na papo hapo inabeba noti. Matokeo yake mpaka kati ya beti na kiitikio unafifia, hata unaweza kusikiliza wimbo mzima usijue ni wapi kiitikio kimeanza.

Hakuanza Juice. Kanye West alitoa albamu nzima ya kuimba kwa Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti, mwaka 2008, Kid Cudi akaifanya huzuni iwe mada halali kwa rapa, na Future wa Atlanta akaonyesha kwamba sauti iliyopitishwa kwenye mashine inaweza kuumiza zaidi kuliko sauti kavu. Alichokileta Juice ni ile roki ya utotoni. Melodia zake nyingi hutumia noti chache, zinashuka kidogokidogo kama mtoto anayenung'unika, kisha ghafla zinapanda mwishoni mwa mstari. Ni rahisi kuimbwa na mtu asiyejua kuimba. Usidharau jambo hilo, maana watunzi wakubwa wamekesha wakilitafuta.

Wengi huuita muziki wake emo, yaani wa hisia zilizowekwa wazi, hasa za mapenzi yaliyovunjika, wasiwasi na upweke. Jina linafaa, ingawa linaficha kwamba alikuwa mchanaji hodari pia. Hapo ndipo swali linalofuata linapoingia.

Inasemekana hakuwa akiandika mistari yake. Aliandikiwa na nani?

Hakuandikiwa na mtu, ila na yeye mwenyewe mara nyingi hakuandika. Alitunga mdomoni. Biti inawekwa studio, anasikiliza kidogo, anaingia chumba cha kurekodi na kuanza kumwaga. Alisema mwenyewe kwamba sehemu kubwa ya albamu ya Death Race for Love, yenye nyimbo 22, ilikuwa fristaili iliyorekodiwa kwa siku chache tu.

Ushahidi unaopendwa zaidi ni wa Oktoba 2018. Alikwenda London kwenye kipindi cha redio cha Tim Westwood, wakamwekea biti za Eminem moja baada ya nyingine, naye akachana zaidi ya saa nzima. Wapo watakaokwambia baadhi ya mistari ilikuwa imekwisha kuzunguka kichwani mwake. Sawa, kila anayefristaili anabeba akiba yake. Lakini akiba ya saa nzima, ikifuata biti asizochagua, si kitu cha kukariri kama shairi la darasani.

Kipaji hicho kina gharama, na mashabiki hawapendi kuisikia. Anayetunga mdomoni hana mhariri. Kwenye nyimbo zake utakutana na mstari unaokuchoma, na unaofuata ni wa kujazia tu nafasi. Visa hujirudia, mpenzi aliyeondoka huondoka tena na tena, na vidonge vinatajwa kila baada ya dakika mbili. Death Race for Love ni ndefu kupita kiasi. Ingekatwa nusu ingebaki albamu kali ya kutisha.

Alitusua vipi?

Haraka, na kwa njia za mtandao. Akiwa mwanafunzi wa Homewood-Flossmoor High School alikuwa akipandisha nyimbo kwenye mtandao wa muziki wa SoundCloud, ya kwanza ikiwa ya mwaka 2015. Baada ya shule alipata kazi kiwandani na kufukuzwa ndani ya wiki mbili. Wakati huohuo alikuwa ameanza kufanya kazi na Nick Mira, prodyuza mdogo kuliko hata yeye mwenyewe, kutoka kundi la Internet Money. Juni 2017 akatoa EP, yaani albamu fupi, aliyoiita 9 9 9, na humo ndani, bila kelele zozote, mlikuwa na wimbo wa Lucid Dreams.

Chicago ikaanza kumsikia. Lil Bibby, rapa wa drili, pamoja na kaka yake walimsaini kwenye lebo yao ya Grade A. Februari 2018 Cole Bennett wa Lyrical Lemonade, mwongozaji wa video ambaye naye ni kijana wa Illinois, akatoa video ya All Girls Are the Same. Wiki chache baadaye ikaripotiwa kwamba lebo kubwa ya Interscope imempa mkataba wa dola milioni 3. Albamu ya kwanza, Goodbye & Good Riddance, ikatoka Mei 2018 na kufika nafasi ya 4 kwenye chati ya albamu ya Billboard, ile inayopima muziki Marekani.

Ukitaka kujua jinsi lilivyokuwa jambo geni, kumbuka mji wenyewe. Sauti iliyokuwa imeipa Chicago jina duniani ni drili, muziki wa vitisho na uso mkavu. Waliomfungulia mlango kijana huyu wa kulia kwa ajili ya msichana walikuwa ni watu wa drili haohao.

Lucid Dreams ilifika wapi, na kwa nini inasemekana pesa zake zilikwenda kwa Sting?

Ilifika nafasi ya 2 kwenye Hot 100, chati ya nyimbo ya Billboard, mwaka 2018, na ndiyo ngoma inayomtambulisha mpaka leo.

Gitaa unalolisikia humo ni la wimbo wa mwaka 1993 wa Sting, mwanamuziki wa Uingereza, Shape of My Heart, alioutunga na mpiga gitaa wake Dominic Miller. Ukijenga wimbo wako juu ya utunzi wa mtu mwingine, lazima upate idhini ya wenye haki, na wao ndio wanaopanga bei. Ngoma ikiwa imekwisha kupendwa kabla ya makubaliano kukamilika, huna tena nguvu ya kubembeleza. Nick Mira alilalamika hadharani kwamba asilimia 85 ya mapato ya utunzi ilichukuliwa. Sting kwa upande wake aliusifu wimbo, akaongeza kwa mzaha kwamba malipo yake yatawasomesha wajukuu zake.

Mimi simlaumu Sting. Lile gitaa ni mifupa ya wimbo, ukiliondoa hakuna kinachosimama. Ila asilimia 85 ni nyingi kwa mtu ambaye hakuimba hata neno, na watayarishaji chipukizi wengi walijifunza kupitia kisa hiki kupiga gitaa lao wenyewe.

Na kesi ya bendi ya Yellowcard?

Hiyo ni tofauti. Oktoba 2019 wanabendi wa Yellowcard, kundi la roki ya vijana, walifungua kesi wakidai zaidi ya dola milioni 15 kwamba melodia ya Lucid Dreams imeiga wimbo wao wa Holly Wood Died. Baada ya Juice kufariki, waliona hawana moyo wa kupambana na mama anayeomboleza, na Julai 2020 wakaifuta.

999 ni alama ya kishetani?

Ni kinyume chake. Yeye alieleza kwamba 666 huwakilisha uovu, na ukiigeuza juu chini unapata 999: kuchukua jambo baya ulilopitia na kuligeuza liwe la kukusogeza mbele. Mashabiki huiandika kila mahali kama salamu.

Alianza lini kutumia dawa za kulevya?

Mapema mno. Kwa maelezo yake mwenyewe, alionja mchanganyiko wa sharubati ya kikohozi yenye codeine akiwa darasa la sita, kisha vikaja vidonge: Percocet ya maumivu na Xanax ya kutuliza wasiwasi. Aliwahi kumtaja Future kama mmoja wa waliomfanya atamani kujaribu. Mwaka 2018 wawili hao wakatoa pamoja albamu ya WRLD on Drugs, iliyoingia chati ya Billboard ikiwa ya 2. Alipomsimulia Future jambo hilo, Future alionekana kuguswa vibaya. Albamu ikatoka hivyohivyo.

Kuna tabia ya kusema "alikuwa akiigiza tu". Hakuwa akiigiza. Nyimbo zake zinataja wasiwasi kabla ya kutaja vidonge, na mpangilio huo una maana: alivitumia kuzima kitu. Alijua vinamuua, akaimba kwamba anajua, na watu wakaimba pamoja naye kwenye viwanja vilivyojaa.

Alifariki vipi?

Alfajiri ya tarehe 8 Desemba 2019 alitua kwa ndege binafsi kwenye uwanja wa Midway, Chicago, akitokea Los Angeles. Maofisa wa serikali walikuwa wakiwasubiri ili kupekua mizigo, na walikamata bangi, sharubati ya codeine na bunduki. Upekuzi ukiendelea, Juice alipata degedege. Alipewa naloxone, dawa ya kupinga sumu ya afyuni, akakimbizwa hospitali ya Oak Lawn na huko akathibitishwa kuwa amefariki.

Januari 2020 mchunguzi wa vifo wa Cook County alitangaza chanzo: sumu ya oxycodone na codeine, zote dawa za jamii ya afyuni, kifo cha ajali. Hayo ndiyo yaliyo kwenye rekodi. Mengine mengi unayoyasoma ni simulizi za watu waliokuwepo, na hawakubaliani.

Je, alitabiri kifo chake?

Swali hili huulizwa kwa sababu ya Legends, wimbo wa Juni 2018. Rapa Lil Peep alikuwa amefariki Novemba 2017 akiwa na miaka 21, na rapa mwingine, XXXTentacion, alikuwa ndiyo kwanza ameuawa kwa risasi Florida akiwa na miaka 20. Juice akaimba kwamba kundi la wasanii wanaokufa wakiwa na miaka 27 limepitwa na wakati, kwani wao hata 21 hawaivuki.

Unabii? Mimi nausikia kama kijana wa miaka 19 aliyezika wenzake wawili ndani ya miezi saba na akaanza kujihesabia siku. Ukiuita utabiri unakuwa kama hadithi ya ajabu ya kusimuliana usiku, kumbe ulikuwa malalamiko yaliyosemwa mchana, mbele ya kila mtu.

Kama alikufa 2019, nyimbo mpya zinatoka wapi?

Rudi kwenye kinywa. Mtu anayeweza kurekodi nyimbo kadhaa usiku mmoja, akiwa haandiki na harudii sana, anaacha ghala. Watu wake wanazungumzia nyimbo kwa maelfu.

Kutoka ghala hilo ilitoka kwanza Legends Never Die, Julai 2020. Iliingia chati ikiwa namba 1 kwa mauzo sawa na nakala 497,000 katika wiki moja, na nyimbo zake tano zikakaa kwa pamoja ndani ya kumi bora za Hot 100. Ikafuata Fighting Demons mwaka 2021, halafu The Party Never Ends ya Novemba 2024, iliyotangazwa kuwa ya mwisho. Humo kwenye hiyo ya mwisho kuna wimbo pamoja na Fall Out Boy, bendi ileile aliyoisikia utotoni. Hakuwepo kuufurahia.

Kuna pia Godzilla ya Eminem, iliyotoka Januari 2020, mwezi mmoja na ushee baada ya msiba. Mkubwa anachana kwa kasi ya ajabu, maneno 224 ndani ya sekunde 31, na kijana aliyechana saa nzima juu ya biti zake ameachiwa kiitikio tu. Nikiusikia huwa najiuliza wangefanya nini wakikaa chumba kimoja.

Ni sawa kutoa albamu za marehemu?

Inategemea nani anaamua na anaongeza nini. Legends Never Die inasikika kama kazi yake, kwa kuwa ilitengenezwa na waliomjua na nyimbo nyingi zilikuwa zimekaribia kukamilika. Kadiri miaka inavyokwenda unaanza kusikia mishono: beti fupi kunyoshwa, mgeni kuwekwa pasipo na sababu. Tatizo la msanii wa fristaili ni kwamba hakuna anayejua kipi alikitaka na kipi kilikuwa mazoezi ya usiku wa manane. Daftari lina mistari iliyokatwa kwa wino, ukiisoma unajua mwandishi aliikataa. Rekodi haina alama hiyo.

Ndiyo maana pia nyimbo zilizovuja zimekuwa biashara. Wapo mashabiki wanaozijua kuliko zilizotoka rasmi. Mimi sizitafuti.

Ameathiri nani?

Wa wazi zaidi ni The Kid Laroi wa Australia, aliyekuwa chini ya mbawa zake, akasainiwa na lebo hiyohiyo na kurekodi naye Go, iliyotoka 2020. Lakini athari kubwa haiko kwa mtu mmoja. Sikiliza vijana wanaochana leo juu ya gitaa la mashine, wakiimba beti na kiitikio kwa pumzi moja na kukiri wasiwasi bila aibu. Zamani rapa alikiri udhaifu kwenye wimbo wa mwisho wa albamu. Juice alianza nao.

Mama yake anafanya nini sasa?

Carmela Wallace hakuficha kilichomuua mwanawe. Mwaka 2020 alianzisha mfuko wa Live Free 999, unaosaidia miradi ya vijana wenye msongo wa mawazo, wasiwasi na uraibu.

Mwanangu wa miaka 14 anamsikiliza usiku kucha. Niogope?

Usimnyang'anye. Umeona hapo juu marufuku ilizaa nini. Muulize ni wimbo gani anaurudia na kwa nini, kisha kaa usikilize jibu lote. Akikueleza gitaa, biti na kiitikio, unalea mwanamuziki. Akianza kusema "anaimba mimi", acha muziki, zungumza juu yake yeye, na mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili ukiona giza halipungui.

Yuko hai amejificha?

Hapana. Alizikwa Desemba 2019.

Nianze kusikiliza wapi?

Goodbye & Good Riddance yote, kwa mpangilio wake. Kisha Robbery kutoka albamu ya pili, Death Race for Love, uisikie sauti ikikaribia kupasuka. Kutoka zilizofuata msiba chukua Wishing Well na Come & Go. Halafu tenga saa moja, utafute ile video ya London. Usiiweke huku unafanya kazi nyingine. Keti uitazame, kwa sababu sura yake anapotafuta neno linalofuata, na kulipata, haimo katika albamu yoyote.